Toyota Isis ya 2006 iliyotumika: nilivyomsaidia mume wangu kuchagua, na miezi minane ya kupanda nayo Bugarika

Nyota nne kwa gari, nyota tano kwa fundi aliyetukagulia, nyota moja kwa yadi ya kwanza tuliyoenda. Mwenye haraka achukue hizo aende, mwenye muda akae maana nina mengi.

Sisi nyumbani tuko sita. Mimi, baba Lulu, watoto watatu, na mama mkwe ambaye magoti yanamsumbua miaka sasa na kila mwezi ana kliniki Bugando. Tunakaa Bugarika hapa Mwanza, na anayeijua Bugarika anajua ni mlima na mawe, barabara ya mtaani kwetu ina sehemu jiwe limetokeza katikati kama mgongo wa kiboko na kila dereva ana namna yake ya kulikwepa. Miaka yote tumeishi na daladala na bodaboda, bibi akienda kliniki tunakodi bajaji asubuhi na mchana tunakodi nyingine, watoto mmoja mbele ya boda wawili nyuma na moyo wangu mkononi mpaka nipigiwe simu kwamba wamefika shule. Mwaka huu mwezi wa pili baba Lulu akasema basi, akiba yetu imefika milioni 13, tununue gari.

Gari ni yake kwa maana ndiye anayeendesha kila siku, ni mwalimu na kituo chake kiko upande wa Ilemela, anatoka kwetu anapita mjini anashika Makongoro mpaka huko. Ila kuchagua aliniachia mimi nimsaidie, na sababu ni kwamba mimi nimekulia gereji. Marehemu baba alikuwa fundi magari Mabatini, nikitoka shule nilikuwa napitia pale namshikia tochi mpaka giza linaingia, kwahiyo milio ya injini naijua kama wengine wanavyojua nyimbo za kwaya.

Sasa mume wangu moyo wake ulikuwa kwenye Subaru Forester. Na namwelewa kabisa, Forester iko juu, inapanda mlima bila kulia, na walimu wenzake wawili wanazo. Lakini ina viti vitano na sisi tuko sita, hesabu ikaishia hapo. Sikumwambia hapana siku ile ile. Nilichofanya nilichukua daftari la hesabu la Lulu lililobaki kurasa, tukawa kila jioni tunaandika leo nani kaenda wapi, wangapi, na kabeba nini. Wiki tatu tu. Daftari likatuonyesha mambo ambayo mdomoni hatukuwahi kuyasema: kwamba siku za wiki gari itakuwa na watu wanne, Jumapili watu sita kanisani, Jumamosi moja kati ya mbili tunatoka sokoni na gunia la mchele na ndizi na mkaa, na mara moja kwa mwezi mtu asiyeweza kunyanyua mguu juu anapanda na kushuka mara nne kwa siku moja. Baba Lulu alilisoma mwenyewe usiku, asubuhi akaniambia mama Lulu, tunatafuta ya watu saba. Hatukubishana tena mpaka leo.

Kuagiza Japani tulipiga hesabu pia. Ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa injini ya zaidi ya cc 1000 mpaka 2000 na asilimia 10 ikizidi hapo, VAT asilimia 18, halafu gari yenye umri mkubwa inaongezewa tozo ya uchakavu, weka meli, weka bandari, weka na dereva wa kuitoa Dar mpaka huku zaidi ya kilomita 1,100. Kwa milioni 13 zetu tulikuwa tunapata kigari kidogo cha watu watano. Kwahiyo tukaamua kununua iliyokwisha ingia nchini, ya mkononi mwa mtu, namba D.

Hapo kwenye namba niseme kidogo. Watu huku wananunua herufi. Utasikia mtu anasema namba C siitaki, nataka namba E, kana kwamba herufi ndo injini. Herufi ya kwanza baada ya tarakimu kwenye namba ya usajili inakwambia gari imesajiliwa Tanzania lini, haikwambii imetengenezwa lini wala imetunzwaje. Kuna namba E zimetoka Japani zina miaka 15 na kilomita laki mbili, na kuna namba C ya mzee mmoja Capri Point inalala chini ya kibanda na oili inabadilishwa kwa tarehe. Ukiweza kuchagua, chagua mwenye gari kabla ya gari.

Kwenye viti saba kwa hela yetu zilikuwepo Noah, Ipsum, Wish, Sienta na Isis. Ngoja nieleze injini maana hapa ndo watu wanapigwa. Noah ya kati ya 2001 na 2007 na Wish ya kwanza ya 2.0 zinakuja na injini ya D4, 1AZ-FSE, hata ukifungua boneti utaona imeandikwa kwenye mfuniko D-4. Hii inapiga petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa, ikiwa nzima ni tamu sana na ina nguvu, ila inataka petroli safi na fundi anayeielewa, pampu yake ya presha si spea ya kununua kama plagi. Ipsum ile ya 2001 kuja 2009 ni cc 2400, injini ya 2AZ, nafasi unayo ya kutosha, ila mlima wetu huu na foleni za Kenyatta ingetunywea mshahara, na injini hizi zikichemshwa nyuzi za bolti za hedi zina tabia ya kung'oka kwenye bloku. Sienta ya cc 1500, injini ya 1NZ, inasamehe sana na spea zake ziko kila duka, ila tukiwa sita na gunia juu ya mlima ule niliona tutaisumbua. Wish ya 1.8 na Isis ya 1.8 zile za mwanzo zinatumia injini moja, 1ZZ, ya cheni sio mkanda, na gia boksi ya gia nne ya kawaida sio CVT, ile ya mkanda isiyo na gia za kuhesabu. Hiyo ndo niliitaka. Nilimwambia baba Lulu tutazame hizo mbili kwanza, lakini kuna dalali alishamtafuta na Noah ya bei nzuri, akaomba tukaione tu.

Yadi sitaitaja. Tumefika saa tano asubuhi, Noah nyeupe inang'aa, matairi yamepakwa dawa meusi tii, dalali anatuita shem shem kama katuoa yeye. Nikaweka kiganja kwenye boneti. Moto. Nikamuuliza imewashwa saa ngapi, akasema tuliisogeza tu shem. Kusogeza gari mita kumi hakupashi boneti hivyo. Injini yenye shida ikishapata joto inaficha mengi, moshi unapotea na mlio unatulia, marehemu baba alikuwa anasema gari mbovu ni kama mgonjwa aliyepewa panadoli kabla ya daktari. Nilianza kuuliza habari za kulanti, yale maji maalumu ya kupoza injini, yule jamaa akanipita akamwambia mume wangu kaka tuongee sisi, haya mambo ya injini mwachie mwanaume. Baba Lulu akamjibu kwa upole tu, "Anayenunua ni mimi, anayejua ni yeye, mjibu yeye."

Kesho yake tukarudi saa kumi na mbili na nusu asubuhi bila kupiga simu. Mlinzi akatufungulia, kijana wa yadi akaja anafikicha macho. Boneti baridi. Nikafungua mfuniko wa oili, ndani umepakaa kitu laini rangi ya chai ya maziwa. Kwenye rejeta badala ya kulanti kuna maji ya bomba yana kutu. Tukawasha, ikatoa moshi mweupe ule mzito ambao hauishi, na ukisogea nyuma unanusa utamu wa kulanti ya zamani. Maji na oili vimeshakutana humo ndani. Kijana alisema ni ubaridi wa asubuhi. Wadau, Mwanza hii asubuhi ina ubaridi gani wa kutoa moshi dakika kumi na tano mfululizo? Tukaondoka. Na Noah kama Noah haina kosa, kosa ni la aliyeiendesha na maji ya bomba mpaka ikachemka, na la aliyejua akaiosha akaipanga mstari wa mbele.

Ya pili ilikuwa Wish, Igoma, kwa mzee mmoja mstaarabu sana, mita ilikuwa laki na elfu sitini na kitu. Injini safi, haina mlio, haina moshi. Nikafanya kitu ambacho nakishauri kila mtu afanye: vuta mkanda wa kiti cha nyuma mpaka mwisho kabisa wa urefu wake halafu unuse. Nikavuta, ile sehemu ya mwisho ambayo huwa imejikunja ndani siku zote ikatoka na harufu ya samaki. Nikanyanyua kapeti la buti. Chini yake, kwenye kona ya shimo la spea tairi, kulikuwa na dagaa wawili wamekauka wamekuwa kama karatasi, na kwenye bolti ya kiti gamba moja kubwa la sangara limeganda linameremeta. Mzee akacheka akasema mwanangu sitakuficha, kijana wangu aliitumia kutoa mzigo Mwaloni Kirumba miezi kadhaa. Nilimheshimu kwa hilo. Harufu inaoshwa, lakini gari iliyobeba samaki imebeba uzito na barafu, na maji ya barafu ya samaki yanakaa chini ya kapeti kimya kimya yanakula bati. Nikabonyeza kwa dole, sehemu mbili bati linabonyea. Na zaidi ya hapo Wish iko chini. Upande wa mume wangu ni Sengerema, na wakati ule daraja la Kigongo Busisi halijafunguliwa, tulikuwa tunavuka kwa kivuko, na anayejua kupanda kivuko anajua pale kwenye mlango wa chuma gari za chini zinavyokwangua bampa ya mbele. Tukamshukuru mzee, akatupa na embe za njiani.

Ya tatu ndo hii. Mama mmoja mtumishi Pasiansi kahamishiwa mkoa mwingine, anauza Isis ya 2006, 1.8, rangi ya fedha, namba D, mita inasoma 141,000. Alitaka milioni 14. Safari hii hatukwenda peke yetu, nilimpitia baba mdogo, huyu si ndugu wa damu, ni fundi aliyekuwa na marehemu baba gereji moja na mpaka leo ananiita mtoto wa gereji. Alichukua elfu 50 ya ukaguzi na elfu 30 ya kijana wa mashine, na hizo elfu 80 ndo hela nilizozitumia vizuri kuliko zote mwaka huu.

Tulifika saa moja asubuhi, boneti baridi, tulikuwa tumemuomba mama asiiwashe na hakuiwasha. Baba mdogo haanzi na injini. Anaanza kwa kuizunguka gari kimya mara mbili jua la asubuhi likiwa linaipiga kwa ubavu, maana rangi iliyorudiwa inaonekana jua likiwa chini, saa sita huioni. Fenda ya kushoto ilikuwa imerudiwa, akaigonga kwa kifundo cha kidole, inalia tep badala ya kulia tang, ina puti. Mama akasema kweli, bajaji ilinigonga. Milango mingine yote ya kiwandani. Akalinganisha chesesi namba na kadi, tarakimu moja moja, anaisoma kwa sauti na mimi nafuata kwenye kadi. Akaangalia mpira wa pedali ya breki na usukani, vimeisha kiasi cha kilomita zile zile mita inazosema, maana mita inarudishwa lakini hakuna anayekumbuka kurudisha mpira wa pedali. Ndo akafungua boneti. Oili nyeusi ya kawaida, imeshuka kidogo kwenye kijiti. Hapo akaniangalia nami nikamwangalia, kwasababu 1ZZ zina sifa ya kula oili, hasa zile za mwanzo mwanzo. Rejeta ina kulanti ya pinki, safi, ila mapezi yake ya mbele yamejaa wale wadudu wadogo wa ziwani wanaokuja kama moshi jioni, wamekauka wameziba karibu robo. Nikatamani kuchukua brashi palepale.

Akawasha akaiacha ingurume dakika kumi, hatuongei. Akaweka kitambaa cheupe nyuma ya egzosi, kikatoka na unyevu tu na nukta chache nyeusi. Mashine ya kupimia ikaonyesha sensa moja ya oksijeni imechoka. Chini bushi za mbele zimekwisha, stabilaiza linki ya kulia inagonga. Mlango wa kushoto wa umeme unafunguka unasita katikati kama mtu anayefikiria, halafu unaendelea.

Mlango huo ndo uliotufanya tuinunue, ngoja niuseme. Isis upande wa kushoto haina nguzo katikati. Ukifungua mlango wa mbele na ukasukuma ule wa nyuma, ubavu mzima unabaki wazi kama duka limefunguliwa shata. Na sisi tunaendesha kushoto, kwahiyo upande huo ndo upande wa kando ya barabara, watoto wanashuka kwenye majani hawashukii kwenye pikipiki. Tulimuomba mama atuachie tuipeleke nyumbani bibi ajaribu, na mama mwenyewe akaja nasi. Mama mkwe wangu huwa gari anaingia kwa kurudi nyuma, anakaa kwanza halafu tunamnyanyulia miguu, na kila mara anaguna. Siku ile alisimama pale wazi, akashika kiti cha mbele kwa mkono mmoja, akaingiza mguu, akakaa. Mwenyewe. Akamwangalia yule mama muuzaji akasema "Wabeja," yaani asante kwa Kisukuma. Baba Lulu alizunguka nyuma ya gari, akakaa huko kidogo, aliporudi macho yalikuwa mekundu na habari ya Forester sijaisikia tena.

Tukapanda wote sita, na mama muuzaji wa saba, tukashuka mpaka Mkuyuni tukageuza tukaupanda mlima AC ikiwa imewashwa. Hilo ni jaribio la pili ninalolishauri kwa mtu yeyote wa Bugarika, Isamilo, Igogo, Mabatini, popote penye mlima: usijaribu gari kwenye lami ya Makongoro peke yako na dalali, ijaribu kwenye mlima wako na watu wako. Katikati ya mlima tukafanya kama baba mdogo alivyotuelekeza: simama, vuta handbreki, achia breki ya mguu. Ikakaa. Ondoka sasa. Ikaondoka kwa kujikaza, ikashika gia ya pili bila kupiga teke, na mshale wa joto haukugusa nusu. Lile jiwe la mgongo wa kiboko ililikwangua kidogo chini, krrr, watoto wakapiga kelele.

Bei tulishuka nayo taratibu na karatasi ya fundi mkononi, bushi bei yake, sensa bei yake, linki bei yake, fenda. Mama hakukasirika, alisema angalau nyie mmekuja na sababu, wengine wanataja tu namba. Tukamaliza milioni 12 na laki tatu. Kabla ya kulipa, kwa namba ya gari tuliangalia mtandaoni deni la faini za trafiki na deni la parking la TARURA, vyote vilikuwepo vidogo vidogo, mama akalipa mbele yetu. Jina kwenye kadi ni lake na kitambulisho ni chake, hili usilegeze, ukiambiwa kadi ina jina la mtu wa tatu aliyeko Dar na atatuma tu nakala, geuza urudi nyumbani. Mkataba tuliandikishana kwa wakili, jina tukabadilisha TRA bila kungoja. Bima ndogo shilingi 118,000. Tulikuwa tumeweka pembeni laki saba kwa ajili ya haya na matengenezo ya mwanzo na karibu zote zilikwenda.

Sasa gari yenyewe baada ya miezi minane.

Mafuta: mjini na mlima wetu tunapata kilomita 9 kwa lita, foleni ikiwa mbaya 8. Safari ya Musoma, kama kilomita 220, tulijaza fulu tanki Nyakato, tukaenda na kurudi, ikatoka karibu 13 kwa lita tukiwa watano na mizigo, speedi 80 mpaka 90. Kwa gari ya watu saba nimeridhika.

Viti vya nyuma kabisa ni vya watoto, tusidanganyane. Mtu mzima anakaa magoti kidevuni, safari ya Bugarika mpaka kanisani anavumilia, ya Bukoba hapana. Na vikiwa vimesimama buti inabaki ya kuweka mfuko wa shule na dumu moja la maji. Ukivilaza hapo ndo raha, gunia la mchele la kilo 100 linaingia na ndizi mikungu miwili juu yake na bado bibi na mtoto mmoja wanakaa safu ya kati.

Oili inakula, kama tulivyohisi. Sio sana, karibu nusu lita kila kilomita elfu mbili, baba Lulu anapima kila Jumamosi asubuhi kabla ya kuwasha na kuna chupa ya oili inakaa ndani ya gari siku zote. Hili nimemfundisha Lulu pia, ana miaka 11, anavuta kijiti, anafuta, anarudisha, anavuta tena, anasema mama iko katikati. Ukimsikia anavyolisema hilo neno katikati utafikiri daktari.

Mlango wa umeme ulikata mwezi wa sita. Waya wake wa kuvutia uliliwa, ni umri na vumbi la kwetu, kiwandani hawakuupangia miaka 19 na mlima wa Bugarika. Fundi wa umeme Nyakato alitaka laki tatu na nusu kwa mota iliyotumika, tukaamua kuuacha uwe wa kusukuma kwa mkono, reli zake tunazipangusa na kupaka grisi kidogo. Unasukumwa na mtoto wa miaka saba. Ukikuta Isis mlango umekufa isikukimbize, ila ishushie bei.

Kuhusu uchini, hapo ndo nyota ya tano ilipopotelea. Mafundi wengi huku wanainua hizi gari kwa kuweka spesa juu ya shokapu, tuliuliza, baba mdogo akatukataza kuweka ndefu kwasababu zinapindisha pembe ya ekseli na mpira wake unachanika mapema. Tulibadili shokapu na springi za mbele tu, ikapanda kama vidole viwili. Jiwe letu sasa tunalipita bila krrr tukiwa wanne, tukiwa sita bado linatugusa, na majirani tumeshachanga nondo na saruji tutalisawazisha.

Mwezi wa nane tulikwenda Sengerema kwa mara ya kwanza kupitia daraja la Kigongo Busisi, lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025, kilomita 3 za maji kushoto na kulia. Bibi aliomba tufungue dirisha. Alikuwa anatusimulia walivyolala Kigongo usiku mzima na mgonjwa wakisubiri kivuko cha asubuhi, miaka hiyo baba Lulu ni mdogo wa kubebwa, na kabla hajamaliza kusimulia tukawa tumeshafika ng'ambo. Akanyamaza. Akasema rudi tena, na baba Lulu akageuza gari tukavuka tena na tukarudi tena, mara tatu kwa jumla, petroli ile sijaiandika kwenye daftari.

Kwa anayefikiria kununua: kama mko watano au pungufu na barabara yenu ni mbaya kuliko yetu, chukueni gari ya juu. Kama mna mzee, watoto wadogo na mizigo ya sokoni, itazameni Isis ya 1.8 yenye 1ZZ kabla ya Noah ya D4, na msiende bila fundi wenu, fundi wenu, sio wa yadi. Zile za kuanzia 2009 zina injini mpya zaidi na CVT, sijaziendesha kwahiyo sizisemei.

Mwezi wa kwanza tunabadili mafuta ya gia boksi na ile sensa ya oksijeni ambayo tumeivumilia mpaka sasa, nikishaona kama mafuta yameshuka matumizi nitakuja kuongezea hapa.